Ushuru sio unaotufungia soko la Ulaya

Hakuna kikao cha wauzaji wa nje kinachokwisha bila mtu kunyanyuka na kusema: "Tungesaini EPA, ule mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya, kama Wakenya, mazao yetu yangeingia Ulaya bila ushuru." Wiki hii nimeisikia tena, kwa mwenye shehena ya parachichi. Nimechoka kuijibu mdomoni, basi naiandika.

Parachichi la Tanzania halitozwi ushuru Ulaya. Tangu 2001 tumo kwenye EBA, mpango wa Umoja wa Ulaya kwa nchi maskini zaidi duniani, pamoja na Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo (DRC): ushuru sifuri, bila ukomo wa kiasi, kwa kila kitu isipokuwa silaha na risasi. Kenya haimo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, ndiyo maana EPA kwao ilikuwa ya kufa na kupona. Oktoba 2014 mazungumzo yalipochelewa, maua yao yakaanza kutozwa ushuru. Ya Arusha hayakuguswa. Wakasaini 2016 pamoja na Rwanda, Bunge letu likakataa, wakaja kusaini peke yao Desemba 2023. Mkataba wao unafanya kazi tangu Julai 2024.

Tazama kahawa. Mbichi hailipi ushuru Ulaya hata ikitoka Brazil. Iliyokaangwa hutozwa asilimia 7.5, lakini yetu hailipi hata hiyo. Sasa mbona bado tunauza mbichi?

Kinachorudisha mzigo ni mambo mawili, na EPA haiyaondoi. La kwanza ni mabaki ya viuatilifu. Dawa isiyowekewa kiwango chake Ulaya, ukomo wake ni miligramu 0.01 kwa kilo. Mkulima akipulizia chochote alichouziwa dukani, mkataba gani utamwokoa? Kenya imesaini, na waridi zake bado zinakaguliwa kutafuta viwavi wa nondo.

La pili ni uasili wa bidhaa, yaani inahesabika ni ya nchi gani, na hapa ndipo watu wanaponisikitisha, kwa sababu hawasomi. Kupakia Dar es Salaam hakuifanyi bidhaa kuwa ya Tanzania. Jodari akivuliwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani, ni wetu. Akivuliwa nje ya hapo, ingawa ni kwenye ukanda wetu wa kiuchumi, Ulaya inauliza meli: imesajiliwa wapi, inapeperusha bendera gani, na je, angalau nusu ni mali ya watu wetu au wa Umoja wa Ulaya? Meli ikishindwa, jodari huyo si Mtanzania na ushuru unalipwa. Hili linaumiza wavuvi wetu kuliko EPA yoyote, na sijawahi kusikia mtu akinyanyuka kulisema.

Sisemi EPA haina maana. Hofu ya 2016 ilikuwa ya haki: tungefungua zaidi ya asilimia 80 ya biashara tunayoagiza kutoka Ulaya ndani ya miaka 25, na viwanda vyetu ni vichanga. Lakini EBA ni hisani ya upande mmoja. Tukitoka kwenye kundi la nchi maskini zaidi, tunapewa miaka 3 tu ya mpito. Vilevile, Kenya peke yake ikishusha ushuru wa mashine za Ulaya, mashine hizo zikivuka mpaka wa Namanga kuja kwetu zinapaswa kulipa tofauti kati ya ushuru wa Kenya na wetu. Kwenye karatasi ni rahisi. Mpakani, lori likiwa na mzigo mchanganyiko na nyaraka nusu, sina imani kwamba tofauti hiyo itakusanywa.