Dawa ya Usubi Ilivyotoka Kwenye Udongo

Nimesikia kwamba dawa ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaoweza kuleta upofu, ilitoka kwenye udongo. Ni kweli?

Ni kweli kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi Mjapani Satoshi Ōmura alikuwa na desturi ya kutembea na vifuko vya plastiki, ili achote udongo popote alipofika. Katika udongo wa karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, Japani, alikutwa bakteria wa jamii ya Streptomyces, jamii ileile inayoipa ardhi harufu tunayoisikia mvua za kwanza zinapodondoka.

Ilijulikanaje kuwa bakteria huyo ana dawa?

Kwa majaribio ya subira. Bakteria hao walipelekwa Marekani, katika kampuni ya Merck, ambako William Campbell na wenzake waliwalisha panya wenye minyoo chakula kilichochanganywa na mchuzi walimooteshwa bakteria. Minyoo ikafa, panya wakabaki wazima. Kemikali iliyofanya kazi hiyo ilitenganishwa, ikarekebishwa kidogo na kuitwa ivamektini, nayo ndiyo iliyomo katika vidonge vya Mectizan. Iliidhinishwa kwa binadamu mwaka 1987, na mwaka 2015 Ōmura na Campbell walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Mbona sisi wa maeneo yenye usubi tunaimeza kila mwaka?

Dawa hii hupoozesha minyoo michanga inayotambaa chini ya ngozi na machoni, ambayo ndiyo huleta muwasho na hatimaye upofu. Haiui minyoo mikubwa iliyojificha ndani ya vinundu vya chini ya ngozi, na minyoo hiyo huweza kuishi na kuendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo kingatiba, yaani dawa ya kinga uliyomeza mwaka jana, haitoshi, hata kama huna dalili yoyote. Mgawa dawa anapokusimamisha kwenye fimbo yenye alama, urefu wako ndio unaomwonyesha idadi ya vidonge utakavyomeza. Mtoto asiyefikia sentimita 90, mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja na mgonjwa mahututi hawapewi.

Ikiwa dawa ilitoka kwenye udongo, je, mjamzito anayekula udongo anajitibu?

Hapana, na jambo hili linastahili kusemwa kwa upole, kwa sababu hamu ya kula udongo ni ya kweli. Udongo wa kula hauna kipimo cha dawa, bali unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Mara nyingi hamu hiyo huambatana na upungufu wa damu; amweleze mhudumu wa kliniki bila aibu, apimwe wingi wa damu.