Shabu na maji ya mto: ati yakitakata tu basi

Mvua ikishika bara, Sabaki yageuka chai ya maziwa mpaka bahari ya Malindi inakua kahawia, na huku Mombasa mfereji ukikauka siku mbili tatu watu wananunua mitungi ya mkokoteni bila kuuliza imejazwa wapi. Hapo ndo shabu inatolewa kutakasa maji (lile jiwe la kinyozi, si hio nyengine ya kulevya), na maneno nayo yanaanza.

La kwanza, ati yakishatakata yako salama. Hapana jamani. Chembe za udongo laini zina chaji hasi, kila moja yaisukuma mwenzake, ndo mana ndoo waiacha tangu alfajiri mpaka isha na bado ina ukungu. Shabu, au nduguye salfeti ya alumini inayotumika kwenye mitambo ya kusafisha maji, inaua ule ugomvi, chembe zashikana zawa mabonge kama pamba, zazama. Vijidudu vingi vyazama navyo lakini si vyote, na kipindupindu hakina rangi. Kwa hivo mimina yale ya juu polepole kwa chombo chengine, pitisha kitambaa, kisha klorini au yachemshe jikoni. Usianze na klorini kwa maji ya tope, italiwa na uchafu kabla haijafika kwa vijidudu.

La pili, tia nyingi yatakate upesi. Hapa ndo watu wanapoteza shabu yao bure. Ukizidisha, chembe zageuka chaji chanya, zarudi kusukumana, sasa una ukungu na ukali juu yake. Mtamboni hawakisii, wanapanga mikebe sita ya maji ya mto, kila mmoja na kipimo chake, wanakoroga kwa kasi kama dakika moja, halafu polepole dakika 15 hivi mpaka 20, mashine inazimwa, watu wanainama kutazama. Wa kwanza tope tupu, wa tatu mabonge yashuka kama machicha ya nazi na juu maji kama kioo, wa sita ukungu umerudi! Basi kipimo ni cha ule wa tatu, na ni cha leo tu, mvua ikinyesha kesho mto si ule tena. Na shabu inaongeza uchachu wa maji, kwa hivo pengine watia chokaa. Jirani yangu yeye alikua akitumbukiza jiwe zima kwenye pipa, hakorogi, kisha alalamika kauziwa feki.

Ati ni sumu, inaleta ugonjwa wa kusahau? Hilo halijathibitishwa. Kipimo kikiwa sawa alumini karibu yote yazama na tope, mitambo mikubwa inaweza kubakisha chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Balaa ni uzembe, kama Camelford kule Uingereza mwaka 1988, tani 20 za salfeti ya alumini zilimwagwa tangi silo zikaenda moja kwa moja kwenye mifereji ya watu.

Mbegu za mronge ni kweli zafanya kazi, ila maji yake usiyaweke siku nyingi, yanaoza.

Na wale wa visima vya chumvi mnaotia shabu ati yapoe, chumvi imeyeyuka, haina chembe ya kushikana na kuzama, chai itabaki vilevile.