Milimita 170 kwenye mawe ya Isamilo

Tangu baiskeli hii ya milimani iingie kwenye kibanda changu hapa Mabatini, Mwanza, kila anayepita anafanya jambo lilelile. Anakamata siti, anabonyeza kwa nguvu zote, inashuka, inapanda, kisha anacheka: "Fundi, hili godoro!" Siwalaumu. Wengi wetu tumekulia kwenye Phoenix, ambayo springi zake ni zile mbili za chini ya tandiko basi. Kwa hiyo mtu akiona shokapu mbele na nyuma anajua moja kwa moja kwamba imetengenezwa ili makalio yapumzike.

Nami nilikuwa nafikiri hivyohivyo, ingawa shokapu za mbele nimeshafungua nyingi.

Baiskeli ni ya mteja aliyerudi nayo kutoka Ujerumani. Aliniachia siku nne nimbadilishie beringi za maungio ya fremu, na akasema nikimaliza niiendeshe hadi niridhike. Foku, yaani uma wa mbele wenye shokapu, inabonyea milimita 170, nyuma 170 vilevile. Rimu ni za inchi 29, tairi pana za 2.5 zisizo na tyubu. Tuliitundika kwenye mizani ya jirani yangu mnunua vyuma chakavu ikasoma kilo 16 na kitu. Phoenix yenye keria inaizidi.

Siku ya kwanza niliipandisha Isamilo. Kupanda hakukunipa shida. Mbele kuna sproketi moja ya meno 32, nyuma ile kubwa kabisa ina meno 52, kwa hiyo unazungusha miguu upesi huku baiskeli ikitambaa. Siti nayo imesimama karibu juu ya pedeli kabisa, hivyo mlima mkali haukuangushi nyuma. Nikafika juu natabasamu.

Kushuka ndiko kulikonitoa tabasamu. Nilichagua kile kinjia cha miguu kinachopita katikati ya nyumba, mawe makubwa kwa madogo. Jiwe la kwanza baiskeli ikaruka kama mbuzi. La pili ikaruka zaidi. La tatu mguu ukatoka kwenye pedeli, na sasa ugoko wangu una alama tano za pini za pedeli, zimepangwa vizuri utadhani nimechanjwa. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akaniuliza kwa upole, "Kijana, hiyo pikipiki imezima?"

Kosa lilikuwa langu. Mwenye baiskeli ana kilo 98, mimi 66, na upepo wa shokapu ya nyuma niliuacha kama alivyouweka yeye: psi 215. Shokapu hizi hazina springi ya chuma, zinabebwa na hewa, na hewa hiyo hupimwa kwa uzito wa mpandaji. Kwenye shafti, kile chuma kinachoingia na kutoka ndani ya shokapu, kuna kimpira chembamba. Unakisukuma hadi chini, unapanda taratibu na kila kitu ulichovaa, unashuka bila kurukaruka, kisha unapima kimesogea kiasi gani. Shafti ya shokapu hii inaingia milimita 65. Kwangu kimpira kilisogea 12. Kilitakiwa kisogee kama 19 au 20, yaani karibu asilimia 30 ya safari yote ya shafti iwe imeshaliwa na uzito wangu kabla hata sijaanza kwenda.

Hapo ndipo wengi hunibishia. Kwa nini upoteze asilimia 30 bure? Jibu ni kwamba gurudumu halipandi tu likikutana na jiwe, linatakiwa pia lishuke likikutana na shimo. Usipolala kidogo kwenye shokapu, shimo likija gurudumu halina pa kushukia, linabaki linaning'inia hewani. Na usisahau kuna mikono ya fremu katikati: shokapu inaingia milimita 65, gurudumu linatembea 170. Kila milimita unayokosea pale kwenye shafti, chini kwenye tairi ni milimita 2.6.

Nikashusha hadi psi 145, kimpira kikakaa kwenye 19. Nikapanda tena nikiwa na uhakika. Mawe mawili ya kwanza raha tupu, la tatu na la nne nikahisi nyuma panazidi kuwa pagumu, la tano likanigonga kama baiskeli isiyo na shokapu kabisa.

Safari hii tatizo lilikuwa kitufe chekundu cha kuzungusha kilicho kwenye shokapu. Ndani ya shokapu kuna mafuta yanayopita kwenye tundu dogo, kazi yake ni kuizuia isirudi juu kwa kishindo. Umeshaona ule mkono wa juu ya milango ya benki, unaoufunga mlango polepole? Ndiyo kazi hiyohiyo. Mwenye baiskeli alikuwa na hewa nyingi inayosukuma kwa nguvu, kwa hiyo alibana tundu sana. Mimi nimepunguza hewa, tundu nikaliacha limebanwa. Matokeo yake, kabla shokapu haijarudi kutoka jiwe la kwanza, la pili limeshafika, inazidi kuzama, na kufikia la tano hakuna tena pa kuingia. Nikakizungusha kile kitufe mibofyo minne, tundu likalegea.

Mara ya tatu nilisikia tofauti kwa masikio kabla ya mwili. Kwanza tairi lilikuwa linapiga: paa, kimya, paa. Kile kimya ni gurudumu likiwa hewani, na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Sasa mlio ulikuwa mmoja tu, kama mtu anayeburuta gunia la mpunga sakafuni, kuanzia juu hadi chini. Kuna mahali jiwe la granaiti limelala kama paa la nyumba, lina chembe kali zinazokwaruza ukiligusa. Nilishika breki kwa kidole kimoja katikati yake na baiskeli ikapunguza mwendo bila kuteleza hata kidogo. Mikono bado ilitikisika, tena sana. Godoro gani hilo? Shokapu hii kazi yake ya kwanza ni kulishikisha tairi chini. Mgongo wako kupumzika ni bahati yako.

Kesho yake nikaenda nayo Luchelele, kupitia Mkuyuni, Butimba hadi Nyegezi. Sikufurahia. Kwenye lami kila unapokanyaga inanesa, hata ukifunga kile kijiti cha kuipunguzia mnepo, na tairi zinalia kama nyuki. Foku imelazwa nyuzi 64, gurudumu la mbele liko mbali na wewe. Mteremkoni inakupa utulivu, ila katikati ya bodaboda kukata kona ni kama kugeuza mtumbwi. Ufukweni mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa aliizunguka yote, akaniuliza, "Sasa baba, mzigo unafunga wapi?" Nikamweleza kwamba sehemu ya nyuma yote inacheza, keria ya kawaida haifungiki. Akaguna tu akarudi kwenye dagaa zake.

Kwa wenye mpango wa kununua ya namna hii: kijana wa gereji jirani alikuwa tayari ameshika mpira wa kompresa anisaidie kujaza shokapu, maana vali ni ileile ya gari. Usikubali. Chumba cha hewa ni kidogo mno, kinataka pampu yake ya mkono yenye geji. Pia breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Ukitia yale ya breki za gari, mipira ya ndani inavimba na kuharibika. Na RockShox, watengenezaji wa shokapu, wanashauri miguu ya chini ya foku ifunguliwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, isafishwe na kutiwa mafuta mapya. Kwa vumbi letu la Agosti, mimi nisingezifikisha hizo 50.

Mwenyewe anaifuata Jumamosi. Kabla sijagusa chochote nilikuwa nimeandika namba zake kwa kalamu kwenye gundi ya karatasi chini ya siti, kwa hiyo 215 yake imesharudi pamoja na mibofyo yake minne. Kimpira tu ndicho sijakisukuma chini. Nataka apande mbele yangu, tukipime pamoja, maana hata kwa kilo zake 98 nina wasiwasi hiyo hewa ni nyingi.