Kupunga upepo: maswali ya wanafunzi wa Kigoma kuhusu kutembea na afya

Ninapokwenda kufundisha afya katika shule na hosteli za hapa Kigoma mjini, huacha sanduku la maswali. Muhula huu karatasi nyingi zimeuliza jambo moja kwa namna tofauti: eti kutembea tu nako ni tiba? Nimechagua chache nizijibu. Maneno ni yao, mimi nimenyoosha tahajia tu.

Shikamoo nesi. Naishi mbali, natembea karibu saa nzima kwenda shule na saa nzima kurudi. Na mimi natakiwa nitembee tena?

Marahaba. Hapana, wewe umeshamaliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka kijana wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, kiasi cha kumfanya aheme. Ukiongeza mpira au kuruka kamba mara 3 kwa wiki, hakuna wa kukudai. Ninachokihofia kwako ni tumbo. Usitoke nyumbani mikono mitupu na tumbo tupu. Hata kiporo cha ugali wa muhogo kinatosha kukufikisha. Na usiku ulale.

Majibu mengine mengi ni ya wenzako wa bweni na hosteli, ambao safari yao ndefu kwa siku ni kutoka kitandani hadi darasani.

Niko chuo, nina miaka 21. Ni lazima nifikishe hatua 10,000?

Hiyo namba ilianzia kwenye biashara. Mwaka 1965 huko Japani kilitoka kifaa cha kuhesabu hatua, na jina lake lenyewe lilimaanisha kipimo cha hatua 10,000. Jina likapendwa, namba ikageuka amri. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa hata hatua 7,000 hivi kwa siku zina faida kubwa.

Kwa umri wako hesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa kwa siku 5 inakutosha kuanzia. Mwendo uwe wa mtu anayewahi jambo. Kipimo chake hakina gharama: kuongea unaweza, kuimba huwezi. Sisi wa Kigoma tumejaliwa milima, kwa hiyo ukipandisha Barabara ya Lumumba kutoka stesheni kuelekea Mwanga, moyo utafanya kazi utake usitake. Shida ni salamu. Ukikutana na wazee kumi njiani, kila mmoja na shikamoo yake na habari za nyumbani, ule mwendo wa kuwahi umekwisha. Wasalimie tu, kisha uongeze dakika.

Tatizo langu liko kichwani, si miguuni. Kutembea kutanisaidia nini?

Hili ndilo nililolisubiri, kwa sababu wengi wanaokuja kwangu na "kichwa kinauma" ni wewe.

Mwaka fulani alikuja binti wa kidato cha nne, mtihani ukiwa umebakiza wiki chache. Kichwa, moyo kwenda mbio, usingizi hamna. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, presha ilikuwa sawa, macho yanaona vizuri. Nikimuuliza shida nini, ananijibu "sijui, nesi" huku anakunja ncha ya sketi. Zamu yangu ilikuwa imekwisha, nikamwambia anisindikize Kibirizi nikanunue dagaa. Robo saa ya kwanza hakusema neno. Tulipofika mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, akina mama walikuwa wanaanua dagaa, wanawafagilia kwenye ndoo kabla umande haujashuka. Akasimama akiwatazama. Kisha, bila kunigeukia, akasema: "Baba amesema nikifeli, hana hela ya kunirudisha shule." Maneno yalianza hapo, yakaendelea njia nzima ya kurudi.

Sikumtibu kwa dagaa. Ila kutembea kunafanya mambo mawili ambayo kiti cha zahanati hakifanyi. Kwanza, mnatazama mbele wote wawili, hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na mambo mazito hutoka kwa urahisi zaidi namna hiyo. Pili, mwili wenyewe. Mtu mwenye hofu mwili wake umejiandaa kukimbia au kupigana: moyo unadunda, misuli imekaza, sukari imemwagwa kwenye damu. Akikaa kwenye dawati, nguvu hiyo haina pa kwenda. Akitembea, misuli ya miguu inaitumia, pumzi inapata mpangilio, na mwili unapokea habari kwamba hatari imepita. Ukifanya hivyo mara kwa mara usingizi nao huimarika, na anayelala vizuri huyabeba mawazo yaleyale kwa wepesi.

Lakini tusidanganyane. Kama majonzi yamekukalia wiki 2 au zaidi, huli, hulali, ulichokipenda hukitaki tena, hiyo huenda ni sonona na inatibiwa na wataalamu. Kutembea kutasaidia kando ya matibabu, hakutachukua nafasi yake. Ukianza kufikiria kufa au kujidhuru, usingoje hata siku moja: mwambie mtu mzima unayemwamini na mfike kituo cha afya au Hospitali ya Maweni siku hiyohiyo. Walio chini ya miaka 18 wanaweza pia kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure.

Mtihani umekaribia, huko si kupoteza muda wa kupiga msuli?

Dakika 20 hazijawahi kumfelisha mtu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa watu kazi ya kubuni mawazo mapya, mara wakiwa wamekaa, mara wakitembea. Waliotembea walibuni zaidi, kwa wastani wa asilimia 60 hivi. Angalia lakini: walipima ubunifu, hawakupima kukariri. Kwa hiyo usitembee ukitegemea jedwali la elementi lijipange lenyewe kichwani. Tembea pale ambapo umesoma ukurasa mmoja mara nne na hauingii.

Saa ngapi ni nzuri?

Hapa wengi hukosea kwa kufuata ushauri wa watu wa Dar es Salaam. Saa zetu ni moja lakini jua si moja. Sisi tuko magharibi mwa nchi, jua letu linachomoza kama dakika 40 baada ya lao, na kuchwa vilevile. Saa 12 asubuhi, Kigoma bado ni giza. Msichana asiambiwe atoke peke yake saa hiyo eti hewa ni safi.

Jioni ndiyo zawadi yetu. Kuanzia saa 11 jua limepoa, na hadi karibu saa 1 unaona njia vizuri. Tokeni wawili watatu. Giza likianza muwe mmerudi, maana mbu wa malaria kazi yao ni usiku na mkoa huu unawajua. Mkifika ziwani, tazameni tu. Msiingie kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ndiko waliko konokono wa kichocho.

Nina selimundu. Naruhusiwa?

Mwenye selimundu, yaani sikoseli, unaruhusiwa, kwa mwendo wa kawaida. Beba maji, kunywa kabla kiu haijakushika, epuka jua kali na milima mirefu, pumzika ukichoka, na siku yenye homa au maumivu usitoke. Mwulize kwanza daktari wa kliniki yako. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta, hasa kiangazi vichaka vinapochomwa na moshi kutanda. Aliyeuliza kuhusu maumivu ya hedhi: tembea taratibu, wengi hupata nafuu.

Nikitembea bila shughuli watu wanasema nimekosa nauli ya bajaji. Mama naye anasema nazurura.

Mama muage. Mwambie unapita wapi, uko na nani, unarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo. Ikiwezekana mchukue mwende naye mara moja hadi kwenye miembe ya Ujiji. Magoti yake nayo yanahitaji. Wa bajaji wakikupigia honi kukuuliza unaenda wapi, wajibu unapunga upepo.