Neno la Kiingereza hutambulikana kwa kiti lilichokalia

Nipe neno pika peke yake, bila sentensi, nitakwambia ni kitenzi. Nipe mpishi au mapishi, ni nomino, hakuna ubishi. Kiswahili huvalisha neno sare. Sasa nipe round la Kiingereza nami nitanyamaza. Katika "a round table" ni kivumishi, katika "the first round" ni nomino, katika "they rounded the corner" ni kitenzi, na "round the corner" laweza kuwa kihusishi. Lazima nione limekaa wapi.

Haikuwa hivi tangu zamani. Kiingereza cha kale kilikuwa na viishio: lufu ni upendo, lufian ni kupenda. Viishio vilimomonyoka polepole, yote mawili yakaishia kuwa love, na wazungumzaji wakazidi kuzoea kuhamisha maneno bila kuyaongezea kitu. Wapo waliokereka. Mwaka 1789 Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia Noah Webster, mtunga kamusi, akilalamika kwamba watu wanafanya notice, advocate na progress kuwa vitenzi. Leo hakuna anayeshtuka.

Mara nyingine sikio husaidia pale jicho linaposhindwa. Record likiwa nomino hukazwa silabi ya kwanza, likiwa kitenzi hukazwa ya pili. Use nalo likiwa nomino huishia kwa sauti ya s, likiwa kitenzi huishia kwa z.

Kwenye vivumishi ndiko wanafunzi wangu hunasa. Wakiona "stone wall" husema stone ni kivumishi, si linaeleza ukuta? Huwaambia waongeze very mbele yake. "A very stone wall"? Wanacheka wenyewe. Stone ni nomino iliyoegemea nomino nyingine, basi. Fun, kwa upande wake, linahama kweli: zamani halikuwa kivumishi, leo wengi husema "a very fun game", na wapo wanaothubutu kusema funner, jambo linalowakunjisha uso wahariri. (Mimi bado sijaliandika.)

Lakini nilipendalo ni poor. "The poor" ni maskini kwa jumla, na hapo utaapa kwamba limeshakuwa nomino. Jaribu kuwahesabu: "two poors" haisemeki. Kisha rudisha ile very yetu: "the very poor" inapita bila shida. Limeketi kwenye kiti cha nomino likiwa bado na nguo za kivumishi.