"Alikuwa mdogo, hakumbuki"

Wengi husema mtoto aliyepigwa au kutelekezwa kabla ya kutimiza miaka 3 hana neno, kwa kuwa hakumbuki. Kweli, kisa chenyewe hawezi kukisimulia. Lakini mwili wake ulishajifunza kujihami. Mlango wa darasa ukibamizwa, moyo unamwenda mbio, anajificha chini ya dawati au anamsukuma mwenzake, na mwalimu anaona utundu tu. Hapo kumuuliza "kwa nini umefanya hivyo?" ni kazi bure, mara nyingi hata yeye hajui. Punguza sauti, chuchumaa usawa wake, sema machache, mpe muda. Akishatulia ndipo mzungumze, na kosa alirekebishe. Ratiba isiyobadilika ghafla nayo humtuliza, pengine kuliko nasaha ndefu tunazozipenda sisi wakubwa.