Kwa nini hati inayofunguka bila neno la siri hukataa kuhaririwa?

Kila mwaka, msimu wa kukabidhi kazi za kuhitimu unapokaribia, vyumba vya kuchapa na kutoa fotokopi vilivyo karibu na chuo kikuu hapa Lubumbashi hujaa wanafunzi wenye shida moja. Idara imewapa mfano wa kazi katika faili ya PDF, wenye jalada, jedwali la yaliyomo na nafasi za kujaza. Faili hiyo inafunguka mara moja, inasomeka vizuri, hata inachapika, lakini mwanafunzi akijaribu kunakili sentensi moja au kuigeuza iwe faili ya Word ili aandike jina lake, programu inamwambia kwamba hati imelindwa. Hakuna aliyemwomba neno la siri alipoingia, ila sasa linadaiwa.

Nimefanya kazi katika chumba cha namna hiyo kwa miaka kadhaa, na jibu nililokuwa nikiwapa wanafunzi lilikuwa la makosa. Niliwaambia kwamba ulinzi ni mmoja tu, kwamba maandishi yamefungwa kwa hesabu kali, na kwamba programu yoyote inayofanikiwa kuigeuza hati hiyo lazima iwe imelikisia neno la siri au imelivunja. Siku moja mwanafunzi alifungua faili ileile kwa programu nyingine katika kompyuta yake mwenyewe, akanakili ukurasa mzima mbele yangu, bila kuandika neno lolote la siri na bila kungoja hata sekunde moja. Kama ni kukisia, kulikisiwa saa ngapi?

Ukweli ni kwamba faili ya PDF inaweza kubeba maneno mawili ya siri yenye kazi tofauti kabisa. La kwanza ni la kufungulia: bila hilo huoni hata ukurasa mmoja. La pili ni la mwenye hati: hilo halizuii kusoma, bali linaweka masharti juu ya kuchapa, kunakili na kuhariri. Aina hii ya faili ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, kwa hiyo namna maneno haya mawili yanavyofanya kazi imeandikwa wazi katika waraka ambao mtengenezaji yeyote wa programu anaweza kuusoma. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba la pili lina nguvu ya la kwanza.

Fikiria lupango, kama tuitavyo hapa kiwanja kilichozungushiwa ukuta, chenye lango la chuma na kufuli la kweli. Mwenye nyumba amelifunga lango, kisha ametundika ufunguo kwenye msumari upande wa nje, mahali palepale ambapo kila mwenye nyumba mjini hutundika wake. Mgeni anafika, anachukua ufunguo, anafungua, anaingia. Ndani anakuta karatasi ukutani: kaa, soma, pumzika, lakini usibebe viti. Kando ya karatasi yuko zamu, mlinzi wa kiwanja. Akiwa ni zamu anayetii karatasi, atakuzuia ukishika kiti. Akiwa ni zamu asiyeijali, atakutazama ukitoka nacho. Katika hali zote mbili kufuli la langoni halikuhusika, kwa sababu ulikwisha kulipita kwa ufunguo halali.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa hati yenye neno la siri la mwenye hati peke yake. Maandishi yake yamesimbwa kweli. Ukiifungua faili kwa programu ya kusomea maandishi ghafi utaona herufi zilizovurugika zisizo na maana. Hata hivyo, ufunguo wa kuyasimbua unakokotolewa kutokana na neno la siri la kufungulia, na neno hilo halikuwekwa, yaani ni tupu. Katika matoleo ya zamani ya PDF, neno la siri fupi hujazwa hadi lifikie baiti 32 kwa mfuatano maalumu ambao haubadiliki kamwe na ambao umechapishwa ndani ya kiwango chenyewe. Neno likiwa tupu, baiti zote 32 ni za mfuatano huo. Huo ndio ufunguo wa msumarini: kila programu ya PDF duniani inaujua, na inautumia kimyakimya kabla hujauona ukurasa wa kwanza.

Au tuseme hivi. Mtu anasomewa barua kwa sauti, kisha anaombwa asiinakili. Ombi lina uzito wake, na mtu mwaminifu ataliheshimu, lakini maneno ya barua yamekwisha kuingia masikioni mwake, na hakuna hesabu inayoweza kuyatoa. Ili programu ikuonyeshe herufi kwenye kioo, lazima kwanza iwe nazo. Ikiwa nazo, kuziandika katika faili nyingine ni suala la programu kukubali au kukataa. Kiwango cha ISO hakikufichi jambo hili: kinaeleza kwamba hakuna kitu ndani ya usimbaji wenyewe kinacholazimisha masharti hayo yafuatwe, kisha kinawaagiza watengenezaji wa programu waheshimu nia ya mwandishi. Wengi huiheshimu. Okular, programu ya kusomea hati inayotumika sana kwenye Linux, ina kisanduku katika mipangilio yake ambamo mtumiaji mwenyewe huchagua kuyatii masharti au kutoyatii.

Masharti yenyewe yameandikwa kama namba moja tu, na hapa ndipo jambo hili linaponivutia zaidi. Katika faili ya mwanafunzi yule, kwenye sehemu ndogo isiyosimbwa, kulikuwa na alama ya /P ikifuatwa na -1852. Kila ruhusa ina thamani yake: kuhariri ni 8, kunakili ni 16, kuweka maelezo pembeni ni 32, kujaza fomu ni 256, kutolewa maandishi kwa ajili ya programu zinazowasomea wasioona ni 512, kupanga upya kurasa ni 1024. Hati yenye ruhusa zote hubeba -4. Ukitoa thamani zote sita nilizozitaja, ambazo jumla yake ni 1848, unapata -1852, yaani hati inayoruhusu kuchapa na si zaidi. Ukiinyima na kuchapa pia, inakuwa -3904. Nilihuzunika kuona ile 512 imeondolewa katika mfano wa kazi ambao mwanafunzi asiyeona naye anautegemea; toleo jipya la kiwango, la mwaka 2017, limeifuta ruhusa hiyo katika orodha ya mambo yanayoweza kuzuiwa, na nadhani lilifanya haki.

Mtu akishaiona namba hiyo atashawishika kuibadilisha kwa mkono, aandike -4 badala ya -1852, ahifadhi faili na kuifungua. Nilijaribu kwenye nakala. Faili iliyokuwa ikifunguka bila swali ilianza kudai neno la siri, na hakuna neno lolote lililokubaliwa. Sababu ni kwamba katika matoleo yale namba ya masharti ni mojawapo ya viungo vinavyochanganywa pamoja na neno la siri ili kupata ufunguo. Ukigusa namba, ufunguo unaokokotolewa ni mwingine, nao haulingani na kufuli. Ni kama fundi alichonga meno ya ufunguo kwa kufuata maandishi ya ile karatasi ya ukutani, hata ukifuta neno moja, lango halifunguki tena. Kwa hiyo masharti yamelindwa dhidi ya mtu anayeyafuta ndani ya faili, lakini hayajalindwa dhidi ya programu inayoyasoma, inapata ufunguo sahihi, kisha inaandika faili mpya isiyo na masharti. Katika usimbaji mpya uitwao AES, wenye ufunguo wa biti 256 (biti ni tarakimu ya sifuri au moja), namba hiyo haiingii tena kwenye ufunguo. Badala yake nakala yake iliyosimbwa huwekwa kando ili mabadiliko yagundulike.

Neno la siri la kufungulia ni habari nyingine kabisa, na hapa jibu langu la zamani linakaribia kuwa sahihi. Bila neno hilo hakuna ufunguo wa msumarini, na programu inayodai kugeuza hati ya namna hiyo italazimika kweli kukisia. Ugumu wa kukisia unategemea umri wa faili na urefu wa neno. PDF za miaka ya 1990 zilitumia ufunguo wa biti 40, unaotoa uwezekano wa takriban trilioni 1.1, idadi ambayo kompyuta za leo zinaweza kuimaliza. Toleo la mwaka 2001 lilipandisha ufunguo hadi biti 128, ambazo haziwezi kujaribiwa zote, hivyo mtu hujaribu maneno badala ya funguo. Cha kushangaza ni kwamba Adobe ilipohamia biti 256 mwaka 2008, ilirahisisha hesabu ya kuhakiki neno la siri, na kubahatisha maneno mafupi kukawa kwepesi kuliko katika toleo lililotangulia, ingawa ufunguo wenyewe ulikuwa mrefu mara mbili. Hitilafu hiyo ilirekebishwa baadaye.

Kuwezekana si sawa na kuruhusiwa. Julai 2001, mtayarishaji programu wa Urusi, Dmitry Sklyarov, alikamatwa huko Las Vegas kwa sababu ya programu ya kampuni yake, ElcomSoft, iliyoondoa ulinzi wa vitabu vya kielektroniki vya Adobe. Desemba 2002 baraza la mahakama la California liliiona kampuni hiyo haina hatia. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hati za watu hutofautiana pia: mfano wa kazi uliotolewa ili ujazwe si sawa na mkataba uliotiwa saini. Mimi humwuliza kwanza mteja hati ni ya nani. Pia simshauri mtu aipeleke faili yenye matokeo ya hospitali au akaunti za benki kwenye huduma za intaneti zinazojitangaza kugeuza bure, kwa sababu kuigeuza huko maana yake ni kuikabidhi nzima kwenye mashine ya mtu usiyemjua.

Ruhusa ikishapatikana, kugeuza bado si kufungua tu. PDF ya kawaida haihifadhi aya wala safu za jedwali. Inahifadhi maagizo ya kuweka herufi fulani mahali fulani kwenye ukurasa. Programu ya kugeuza inapima nafasi kati ya herufi na kukisia neno linaishia wapi na mstari upi unaendelea. Kama ukurasa ni picha iliyopitishwa kwenye skana, hakuna herufi kabisa, na inabidi zitambuliwe moja moja kutokana na umbo lake.

Kwa mwanafunzi yule, tulimpigia simu katibu wa idara yake, ambaye alisema hakukusudia kumzuia yeyote kujaza mfano ule, na kwamba masharti yalitiwa na programu iliyotengeneza faili. Tukaigeuza. Aya zilitoka salama, isipokuwa baadhi ya herufi za Kifaransa zenye alama juu, na jedwali la yaliyomo lilivunjika vipande ishirini na zaidi vya maandishi vilivyotawanyika ukurasani. Hilo tuliliandika upya kwa mkono, mstari kwa mstari, hadi karibu na saa kumi na mbili za jioni.